Muhuri Chini ya Korongo

Unga wa ngano ukichemshwa na maji mengi hutoa harufu isiyofanana na ya chakula chochote. Si uji, si mkate. Ni kama kitu kilichokuwa njiani kuwa chakula, kikabadili nia. Juzi mjukuu wa jirani yangu alikuwa akitengeneza tiara, na bibi yake akampikia gundi ya unga uani, kwenye mkebe wa maziwa. Mimi nilikuwa kwangu nikichambua maharagwe. Harufu ilipovuka ua ikanifikia, niliweka ungo chini, nikaingia ndani nikafunga mlango. Mtu wa umri wangu, nimejifungia ndani saa nne asubuhi kwa kuogopa gundi.

Nitawaeleza kwa nini. Sijawahi kumwambia mtu, na wale waliostahili kuambiwa kwanza hawapo tena.

Nimezunguka sana katika maisha haya. Nimechuma kahawa Runyenjes, nimeuza chai kwa madereva wa malori Isiolo, nimefua nguo za watu Maua. Meru mjini nilibandika mabango ya sinema kwa siku tatu, nikafukuzwa kwa sababu nilikubali kupanda ngazi, nilikubali kubeba ndoo, lakini nilikataa kupika gundi. Shule niliiacha darasa la tatu. Kilichonisaidia ni kuuliza. Nikiona kitu nisichokijua siwezi kupita bila kukigusa na kukiuliza kimetoka wapi, na udadisi huo huo ndio ulionitia katika aibu ninayotaka kuieleza.

Wakati Imajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya Wazungu, ilipoanza tulikuwa tukiishi Timau, upande wa baridi wa mlima, kwenye shamba la ngano la mjane mmoja wa Kizungu tuliyemwita Memsaab. Sisi ni watu wa Embu, kutoka kule chini kunakokauka. Baba yangu, Nyaga, alikuwa ameuzunguka mlima kwa miguu kabla sijazaliwa akitafuta kazi, akaipata ndani ya nyumba ya Memsaab: kupiga sakafu nta, kupanga meza, kuwasha moto. Alivaa kanzu nyeupe ambayo Mama aliifua kila siku ya pili, na kwa sababu ya kanzu hiyo watoto wa kambi ya wafanyakazi waliniita binti wa padri.

Mimi ndiye binti wake wa kwanza, na kwa desturi yetu nilipewa jina la mama yake, Wanja. Kwa hiyo Baba hakuniita Wanja. Aliniita mama. "Mama, niletee viatu." "Mama, umekula?" Mtoto wa miaka minane akiitwa mama na mwanaume mwenye ndevu huanza kujiona mtu mkubwa, na mimi nilijiona hivyo.

Ndani ya sebule ya Memsaab, nyuma ya kiti chake cha kusomea, kulisimama kitu ambacho sikuwahi kuona mfano wake. Baba alikiita ukuta wa ndege. Kilikuwa kiwambo cha vipande sita virefu kama milango, vilivyoshikana ubavu kwa ubavu, kikasimama chenyewe kwa kujipinda huku na huku kama ngazi iliyolala. Kilikuwa cha karatasi. Hilo ndilo lililonishinda kuamini: karatasi, juu ya fremu nyepesi ya mbao, na hata bawaba zake zilikuwa za karatasi. Juu ya karatasi hiyo walikuwa wamepaka dhahabu. Si rangi ya dhahabu, Baba alisema, bali dhahabu yenyewe, iliyopondwa mpaka ikawa nyembamba kuliko ganda la kitunguu, na ukitazama vizuri uliona mistari mahali ganda moja lilipokutana na jingine. Juu ya dhahabu palikuwa na mto wa buluu iliyokolea, msonobari mmoja uliopinda, na korongo saba.

Mume wa Memsaab alikirithi kwa baba yake, aliyekuwa mtu wa meli na aliyekitoa Japani. Tayari kilikuwa cha kale siku alipokinunua. Na Memsaab hakukiweka pale kwa urembo tu. Upepo wa Timau huingia ndani hata ukiziba dirisha kwa gunia, naye alikaa nyuma ya ndege wake saba, shingo ikiwa na joto, akisoma barua.

Jumamosi Baba alipokipangusa vumbi aliniruhusu kuingia nitazame, kwa sharti moja. "Kalia mikono yako." Nilikaa sakafuni, viganja vyangu vikiwa chini ya mapaja, mpaka vidole vikafa ganzi. Yeye alitumia manyoya ya mkia wa jogoo aliyoyafunga kwenye kijiti. Hakutumia kitambaa, na maji hakuyakaribisha hata mlangoni. Akitaka kukohoa aligeuza uso kwanza.

Korongo tuliwajua. Walishuka kwenye ngano makundi kwa makundi, na watoto wa shamba tuliandikwa kuwafukuza kwa kupiga madebe. Lakini korongo wetu wana taji la manyoya ya dhahabu kichwani, na hawa wa Japani walikuwa na doa jekundu tu.

"Baba, hawa mbona wamenyolewa?"

Baba aliwatazama kana kwamba hakuwahi kufikiria. "Labda hata kwao kuna Imajensi," alisema. "Wamenyang'anywa kofia wakaguliwe."

Kinoti, mpishi, Mmeru wa Igoji mwenye tumbo la mtu anayeonja kila sufuria, alicheka kule jikoni mpaka akaangusha kifuniko.

Kilichonivuta zaidi ya ndege kilikuwa kitu kidogo. Kwenye kipande cha mwisho, chini kabisa, kwenye kimo cha macho yangu nikiwa nimekaa, palikuwa na maandishi machache meusi yaliyoshuka kama matone, na chini yake mraba mwekundu usiozidi kidole gumba. Ndani ya mraba huo mlikuwa na mistari kama nyumba iliyochorwa na mtu aliye juu ya paa. Nilikuwa na hakika kwamba ni mlango. Nilikuwa na hakika kwamba ukiugusa utasikia kitu.

Hali ya mambo nje ya sebule hiyo ilikuwa mbaya, ingawa kwa akili ya kitoto niliiona kama mvua ya mbali. Watu wa Embu na Wakikuyu walikuwa wakiondolewa kwenye mashamba ya Wazungu. Lori lilikuja, watu wakapanda na sufuria zao, nyumba zikachomwa. Mwaka huo huo familia moja ya jirani zetu iliondolewa kwa sababu ndogo kabisa. Mtoto wao alivunja kioo cha gari la msimamizi, na kufika jioni nyumba yao ilikuwa imebomolewa. Nililala na wazo hilo: ukivunja kitu cha Mzungu, nyumba yenu hubomolewa.

Kisha macho ya Memsaab yakaanza kuziba, ikabidi asafiri kwao akapasuliwe. Kabla ya kwenda alipiga barua kwa mashine. Ilisema Nyaga ni mtu wake wa miaka mingi, kwamba yeye na familia yake wabaki shambani walinde nyumba mpaka atakaporudi. Alimpeleka Baba kwa gari mpaka ofisi ya serikali, na huko afisa akatia sahihi yake chini na kugonga muhuri wa mviringo wa rangi ya zambarau. Baba alirudi ameishika barua ile kwa mikono miwili kama sahani iliyojaa supu. Alimwonyesha Mama, akaifunga katika kitambaa, akaiweka ndani ya mkebe wa biskuti chini ya kitanda.

Nami nilikuwa nimeichungulia. Nilikuwa darasa la pili, msomi wa pekee katika nyumba yetu, na niliitazama kwa jicho la mwalimu. Maneno ya juu yalikuwa yamenyooka, herufi moja baada ya nyingine, ingawa yalikuwa ya Kiingereza. Ile sahihi ya chini ilikuwa upuuzi mtupu. Haikuwa na a wala e. Ningeandika hivyo shuleni ningechapwa. Lakini ule muhuri, jamani, ulikuwa mzuri.

Memsaab aliondoka siku ya Jumatano. Baba alimsindikiza hadi kituo cha gari moshi, na agizo lilikuwa kwamba kesho yake asubuhi yeye na Kinoti wakunje ukuta wa ndege, waufunge kwa blanketi, wausimamishe pembeni mpaka mwenyewe arudi. Kwa hiyo alasiri ile ilikuwa nafasi yangu ya mwisho. Mama alikuwa akipalilia viazi na mdogo wangu mgongoni. Kinoti alikuwa akisinzia jikoni. Niliingia sebuleni miguu mitupu, nikakaa mbele ya kipande cha mwisho, na kwa mara ya kwanza sikukalia mikono yangu.

Niligusa mlango mwekundu. Haukusema kitu. Nikauparuza kwa ukucha, taratibu. Kisha nikafanya jambo ambalo mtoto yeyote akitaka kuona kilicho chini ya uchafu hufanya: nikalamba kidole, nikasugua.

Rangi ilitoka. Nilipoona kidole changu kimekuwa chekundu nilitaka kuirudisha, nikasugua tena kuisambaza vizuri, na karatasi iliyokwisha lowa ikajikunja kama ngozi ya maziwa. Ikapasuka. Mahali pa mlango palikuwa na tundu linalotosha kidole gumba. Na ndani ya tundu, hata katika hofu ile, nilichungulia. Kulikuwa na karatasi nyingine, ya kahawia, imejaa maandishi meusi ya mkono. Nani aandike mahali ambapo hakuna atakayesoma?

Swali hilo halikupata nafasi. Niliona nyumba yetu ikibomolewa. Niliona sufuria zetu ndani ya lori.

Nilikwenda jikoni. "Mzee Kinoti, nipe unga kidogo wa ngano."

Alifungua jicho moja. "Binti ya Nyaga anataka kuoka keki? Memsaab hajafika hata kituoni, nyinyi mmeshakuwa Wazungu."

"Nataka kubandika picha."

"Picha ya mchumba?" Akacheka, akanichotea vijiko viwili kwenye gazeti, akalala tena.

Nilipika gundi kwenye mafiga ya Mama. Nilijua kwa kumwona Baba akibandika magazeti kwenye ukuta wetu kuzuia upepo. Sasa nilihitaji karatasi. Magazeti yalikuwa tele, lakini gazeti lina maandishi kila upande, na karatasi ya daftari langu ilikuwa na mistari. Nilihitaji karatasi nyeupe, nzito. Zaidi ya hayo nilihitaji mlango, kwa kuwa tundu lilikuwa limemeza mlango. Mnaona nilikokuwa nikielekea. Mimi mwenyewe nilikuona wazi kabisa, nikafurahi kwa akili zangu.

Nilivuta mkebe wa biskuti. Nilijua siruhusiwi kuugusa, siwezi kusema sikujua. Nilichukua wembe wa Baba na nikakata barua chini ya neno la mwisho, kwa uangalifu mkubwa, ili nisimharibie hata herufi moja. Niliyaacha maneno yote. Nilichochukua ni sehemu ya chini tu, ile isiyosomeka. Sahihi niliikata nikaitupa motoni. Muhuri niliukata kwa mviringo, nikaubandika juu ya tundu kwa gundi iliyokuwa bado vuguvugu, nikarudi nyuma hatua tatu kutazama. Chini ya korongo wa saba, muhuri wa zambarau wa serikali ulikaa juu ya dhahabu kama uliozaliwa hapo. Ndivyo nilivyouona, au ndivyo nilivyotaka kuuona.

Asubuhi yake madirisha yalikuwa yamekwisha fungwa na sebule ilikuwa na giza. Baba na Kinoti walikunja kipande cha mwisho kwanza, kikageukia ndani. Hakuna aliyeona. Nilikuwa nimekaa sakafuni, mikono yangu chini ya mapaja.

Lori lilikuja wiki tatu baadaye, saa tatu hivi, umande ukiwa bado kwenye ngano. Tuliitwa wote, watu wa Embu na Wakikuyu wa shamba hilo, tukakusanywa mbele ya ghala. Alikuwapo afisa kijana wa Kizungu mwenye madoadoa usoni, askari watatu, na Mzungu wa shamba jirani aliyeachiwa kuangalia mali ya Memsaab. Wengine walilia. Baba hakulia. Alikwenda nyumbani, akavaa kanzu safi, akatoa kitambaa chake, akaja akitembea kama mtu anayekwenda kupokea zawadi. Alikuwa hajaifungua barua tangu siku aliyoiweka.

Askari mmoja, Mmeru mrefu aliyejua Kizungu, aliipokea, akaitazama juu, akaitazama chini, akaigeuza.

"Mzee, muhuri uko wapi?"

"Uko hapo chini."

"Hapo chini pana kidole chako tu." Akainyanyua watu waone. "Hii barua imekatwa mkia kama mjusi."

Watu wawili watatu walicheka, kile kicheko cha kumfurahisha mwenye bunduki. Baba alichukua karatasi. Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wake wa chini, toka kushoto kwenda kulia, polepole. Askari alimtafsiria afisa, na afisa akasema maneno machache akitazama saa yake. "Anasema," askari akaeleza, "barua ya namna hii hata mimi naweza kupiga nikipata mashine."

"Memsaab mwenyewe alinipeleka ofisini," Baba alisema. "Muulizeni bwana huyu."

Mzungu wa jirani aliinua mabega. Yeye alikuwa akiangalia ng'ombe na ngano, alisema. Mambo ya watu wa nyumbani hakuyajua.

Kinoti alijitokeza na aproni yake. "Bwana, huyu ni mtu wa hapa, mimi nimekaa naye miaka kumi."

"Wewe ni Mmeru wa Igoji, rudi kwenye sufuria yako kabla hatujaanza kukuuliza na wewe," askari alimjibu.

Ndipo Baba akageuka. Hakumtazama Mama. Alinitazama mimi, niliyekuwa nimekaa juu ya jembe la trekta la zamani, na akaniuliza kwa Kiembu, kwa sauti ile ile ya kuulizia viatu.

"Mama, umekiona kipande cha chini cha karatasi hii?"

Kutoka pale nilipokaa hadi mlango wa sebule kulikuwa na hatua sabini. Nilirudi miaka mingi baadaye nikazihesabu. Ningesema ndiyo, wangekwenda, wangefungua blanketi, wangeuona muhuri wao kwa macho yao. Lakini wangeliona na tundu. Mimi niliona tundu tu. Nilichomeka mikono yangu chini ya mapaja, juu ya chuma baridi.

"Hapana, Baba."

Askari aliangalia mikono yangu isiyoonekana. "Hebu sisi tumuulize," akasema, na akaanza kuja. "Watoto wadogo hutuambia haraka."

"Mwache," Baba alisema. Sikuwahi kumsikia akimkatiza mtu mwenye sare. "Mtoto hajui kitu. Nilikikata mwenyewe. Nilikosa karatasi ya kusokotea tumbaku."

"Umeuvuta muhuri wa serikali?"

"Nimeuvuta."

Mara hii walicheka wote, hata afisa alipotafsiriwa. Baba hakuwahi kuvuta tumbaku maishani mwake. Mama alijua. Kinoti alijua. Mimi nilijua. Walimpandisha lori na kanzu yake nyeupe, na alipokuwa akipanda alishika pindo lake lisiguse matope.

Sisi tulipewa siku mbili. Siku ya pili nilikwenda nikasimama kwenye dirisha la sebule, nikaona lile bunda la blanketi pembeni. Kinoti alinikuta hapo. Alikuwa na unga mikononi, alikuwa akikanda mkate wa Mzungu wa jirani. Aliipangusa kwenye aproni.

"Binti ya Nyaga, una kitu unataka kuniambia?"

"Hapana."

Mara ya pili ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Hilo nalo ni jambo nililojifunza Timau.

Tulirudishwa Embu, kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa, nyumba zimepangwa safu kama maboga sokoni. Mama alichimba handaki asubuhi na kulima saa chache tulizoruhusiwa kutoka. Aliota sugu mpaka akawa hawezi kukunja kiganja. Nilipelekwa shule ya hapo, nikakaa mwaka mmoja. Watu husema niliacha ili nimlee mdogo wangu, na Mama aliwaachia waseme hivyo. Ukweli ni kwamba kila nilipopewa kalamu mkono wangu uliingia wenyewe chini ya paja. Mwalimu alinichapa, kisha akachoka.

Baba alikaa zaidi ya miaka miwili kambini, mahali pa joto na vumbi ambapo hakutaka kupataja jina. Aliporudi sikio la kushoto lilikuwa limekufa. Kila karatasi aliyopewa, hata ya kufungia sukari, aliipitisha kwanza kidole gumba kwenye ukingo wa chini. Bado aliniita mama. Nilitamani angeniita Wanja.

Baada ya mwezi mmoja alipata ruhusa ya safari, akaenda Timau kumwomba Memsaab barua ya kazi. Alikaa huko siku moja. Aliporudi alisema Memsaab anatusalimu, kwamba anauza shamba, kwamba Kinoti amenenepa. Kisha akatoa kwenye koti lake daftari jipya, lile la jalada la buluu, alilonunua njiani.

"Mama, hili ni lako," aliniambia. "Halina maandishi. Kata popote unapopenda."

Nilicheka, nikidhani ni mzaha wa watu wazima. Mama aliuliza kwa nini analeta daftari kwa mtoto asiyesoma, wakati hakuna chumvi nyumbani. "Mtoto anahitaji karatasi yake," Baba alijibu, na akaomba maji ya kunywa. Sikuandika neno katika daftari lile. Sikulikata. Nilipofika miaka kumi na minne niliondoka nyumbani nikaanza huku kuzunguka, nikaliacha.

Miaka mingi ikapita. Nilipokuwa nikipikia familia ya mtaalamu mmoja wa Kijapani aliyekuja Mwea kwa kazi ya mpunga, siku moja nilisikia harufu. Alikuwa jikoni mwangu, anapika gundi ya unga wa ngano. Barazani alikuwa amelaza kiwambo kidogo cha vipande viwili, mali ya mama yake, kilichotafunwa na mende. Alikuwa amekifungua tumbo. Ndani, chini ya picha, kulikuwa na karatasi kuukuu zenye maandishi ya mkono, tabaka juu ya tabaka.

Nilimuuliza. Siwezi kutouliza. Akanieleza kwa Kiswahili chake cha kuokota kwamba zamani karatasi ilikuwa ghali, kwa hiyo mafundi walinunua barua na hati za watu zilizokwisha kazi, wakazibandika ndani kuipa picha nguvu. Jina la kitu chenyewe kwa lugha yao ni kinga ya upepo. Kisha akanionyesha mraba mwekundu pembeni. Ni jina la mchoraji, alisema, ndio muhuri wake.

"Na ukitoka?"

Alifikiri sana, brashi ya gundi mkononi. "Ndege bado wazuri," alisema. "Lakini hakuna mtu ataamini ni wa nani."

Niliomba ruhusa nikatoka uani. Nilikaa kwenye jiwe la kufulia mpaka mkewe akaja kuuliza kama naumwa.

Baba alikufa mzee, kitandani mwake, mimi nikiwa Isiolo. Nilifika baada ya mazishi. Mama alinipa mkebe wa biskuti, akasema, "Alisema ni wako." Ndani mlikuwa na vitu vitatu. Barua ya Memsaab, imekatika chini ya neno la mwisho. Kipande cha karatasi ya sukari kilichokunjwa, na ndani yake muhuri wa mviringo wa zambarau, uliobanduliwa kwa mvuke na mtu mwenye subira, mgongoni mwake vumbi la dhahabu limeganda kwenye gundi yangu. Na daftari la buluu.

Nilihesabu miaka sakafuni pale. Alikuwa ameujua ukweli tangu siku ile ya Timau, siku ya daftari. Miaka zaidi ya thelathini alikula nami, alinisalimu, aliniita kwa cheo cha mama yake, na muhuri ulikuwa chini ya kitanda chake. Na huenda alijua kabla ya hapo. Huenda alijua pale pale mbele ya ghala, alipoona mtoto wake amekalia mikono ambayo hakuna aliyemwambia aikalie. Hakuniuliza mara ya pili kwa sababu askari alikuwa amekwisha anza kuja.

Nilidhani wakati wote ule kwamba nilikuwa nikimficha. Kumbe yeye ndiye aliyesimama baina yangu na upepo, akanisubiri niseme mwenyewe, nami nikamsubirisha mpaka akafa.

Haya nimeyaandika katika daftari lile. Kurasa zimekuwa za manjano na pini zimeota kutu, lakini kalamu inakwenda. Nimefika ukurasa wa mwisho, na sijakata hata mmoja.